Mashine Imechora Chipsi Mayai, Yai Limekaa Pembeni

Tangu nigusie hapa kwenye ukurasa wetu hizi programu za AI za kuchora picha, zile unaandika maneno tu yenyewe inakuletea picha, simu yangu haijapumzika. Na kilichonichekesha karibu wote mmeuliza chakula, tena sio cha hotelini, cha barabarani, zege, pweza, vitumbua, urojo. Nimeokota maswali saba, wengine mnivumilie nafasi ndo hii hii. Kwa wasionijua, mi nilianzia kwenye brashi na rangi ya mafuta, naandika mabango ya vibanda Manzese na Tandale, kompyuta nimeijulia ukubwani, kwa iyo mkiniita anko sikatai.

Anko shikamoo. Nina kibanda cha chipsi Sinza, mwaka wa saba huu. Mtoto wa dada yangu kanitengenezea bango kwa AI, tumeshaprinti na hela nimelipa, sasa wateja wanacheka. Limeandikwa chipsi mayai lakini kwenye picha chipsi ziko peke yake afu yai limekaa pembeni, lile lenye jicho, na majani ya kijani juu sijui ya nini. Mtoto anaapa kaandika vizuri kabisa. Nani kakosea, mtoto au mashine? (Dada wa Sinza)

Marahaba dada, na pole na hela ya kuprinti. Mtoto msamehe. Kaandika sawa, na mashine nayo kwa akili yake imetimiza, imekuletea chipsi, imekuletea yai, kila kimoja kinang'aa, sema haijui kwamba kwetu hivyo vitu viwili vikishakutana havirudi tena kuwa viwili.

Hebu jitazame mwenyewe unavyofanya kila jioni. Chipsi zishatoka kwenye karai zinasubiri kwenye kabati la vioo, mteja anasema niwekee mayai mawili, unazimwaga kwenye flampeni, unagonga mayai kwenye kikombe cha plastiki, chumvi, unapiga kwa uma, unamimina. Yai linashuka kati ya kiazi na kiazi linajaza kila upenyo, unabonyeza kidogo kwa mwiko, unafunika na sahani, unageuza, unairudisha upande wa pili uive, inatoka duara moja yenye kingo za kahawia. Ndo maana vijana wakaiita zege, kokoto na saruji vikishashikana nani atavitenganisha.

Sasa hiyo programu haijawahi kusimama Sinza ikanusa mafuta. Imeonyeshwa picha nyingi mno zenye maneno yake pembeni mpaka ikazoea kwamba neno flani linakwenda na maumbo flani. Ukiiagiza inaanzia kwenye chenga tupu, zile za TV antena ikigeuzwa na upepo, afu inasafisha zile chenga kidogo kidogo, hatua kwa hatua, kila hatua inaelekea pale panapoendana zaidi na maneno uliyoipa. Neno chipsi linaivuta huku, neno mayai linaivuta kule, na kwa sababu ni mara chache sana imeona picha ya hivyo vitu vikiwa kitu kimoja chenye jina moja, inafanya kama mgeni aliyesoma menyu bila kuonja, anaweka hiki hapa na kile pale.

Nikupe mfano mmoja uone macho ya hawa jamaa yalikuwa yanatazama wapi. Mwaka 2014 watafiti wa ETH Zurich kule Uswisi walitoa mkusanyiko wa picha unaitwa Food-101, wa kufundishia kompyuta kutambua chakula, aina 101, kila aina picha 1,000. Chipsi zimo mle, omleti imo, hata sambusa imo kwa jina lake la Kihindi. Zege halimo! Viungo vyote vilikuwepo mezani ila hakuna aliyewasha jiko. Hispania wao wana ndugu yake wa mbali, wanaiita tortilla, viazi na mayai, na hiyo mashine inaijua vizuri sana, siku nyingine ukiomba zege ukibahatika ndo inakuletea hiyo, nene kama keki, imekatwa pembetatu. Bora hata hiyo.

Majani ya kijani ni giligilani au yale ya aina yake, yametoka kwenye picha za migahawa ya wenzetu ambako sahani haipigwi picha mpaka inyunyiziwe majani. Kwako mteja akiyaona atakuuliza mchicha umeingiaje hapa.

Bango usilitupe. Kesho saa nne asubuhi kabla hujawa bize tengeneza zege moja, liweke kwenye sahani yako ile ile ya kila siku na kachumbari, toa nje penye mwanga ila sio jua kali la moja kwa moja, futa kioo cha kamera kwa khanga (simu ya muuza chipsi ina mafuta dada, usibishe), piga kwa juu. Mpelekee mtu wa stika aprinti saizi ya ile sahani ya kwenye bango, akate duara, abandike juu ya lile yai. Gharama yake haifiki hata robo ya bango jipya.

Anko mambo. Mi nipo chuo hapa Mlimani. Sielewi, Watanzania tunapiga picha za misosi kila siku, WhatsApp imejaa, Instagram imejaa, inakuaje AI iseme haijawahi kuona? Au wanatubagua makusudi? (Mwanachuo)

Poa mdogo wangu. Swali zuri, kaa chini maana hili ni refu.

Makusudi hapana, mimi sioni makusudi, naona milango. Kuna milango kama minne hivi picha inapita kabla haijafika kwa mashine na chakula chetu kinaachwa nje karibu kila mlango. Chukua ule mkusanyiko unaoitwa LAION-5B, ulitoka Machi 2022, ndani yake kuna jozi bilioni 5.85 za picha na maneno yake. Ulitengenezwa kwa kuchambua kurasa za wavuti zilizo wazi, na maneno yaliyochukuliwa ni yale yanayoandikwa kwa ndani ya ukurasa kuieleza picha, ambayo sisi kwa macho huwa hatuyaoni. Mlango wa kwanza ndo huo. Stetasi ya WhatsApp sio ukurasa wa wavuti, saa 24 imekufa, na mama anayeuza mihogo Coco Beach hana tovuti, ana stetasi.

Mlango wa pili ni lugha. Kwenye hizo bilioni 5.85, bilioni 2.32 ni za Kiingereza peke yake, na bilioni 2.26 ni za lugha nyingine zaidi ya 100 zikigawana, Kifaransa humo, Kirusi humo, Kichina humo, na Kiswahili nacho kimebanana humo humo kama abiria wa mwisho kwenye daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Afu Stable Diffusion, ile programu iliyotoka Agosti 2022 ikawafanya watu wote wajue hii kitu, ilifundishwa kwa kuanzia na ile sehemu ya Kiingereza.

Wa tatu ndo ulionifanya nikae kimya siku nilipouelewa. Ili kuondoa takataka, waliokusanya LAION walitumia mfumo mwingine unaitwa CLIP, wa kampuni ya OpenAI, wa Januari 2021, nao wenyewe umefundishwa kwa jozi milioni 400. Kazi yake pale ni kama mlinzi wa getini: anatazama picha, anasoma maneno, anatoa alama ya vinavyoendana, kwa Kiingereza ikiwa chini ya 0.28 picha inatupwa. Sasa fikiria picha ya zege imefika getini imeandikwa "chipsi mayai". Mlinzi hajawahi kusikia hilo neno. Anatazama picha, anatazama maneno, anaona haviendani. Rudi ulikotoka! Yaani asiyekijua kitu ndo aliyepewa kazi ya kuamua kama kipo. Lugha nyingine waliwekewa mlinzi mwenye lugha nyingi, alama yake 0.26, afadhali kidogo, lakini anayejua Kiswahili cha vitabuni hajui zege ni nini akiacha lile la ujenzi.

Wa nne ni uzuri. Stable Diffusion ilimaliziwa mafunzo yake kwa picha zilizochujwa na kompyuta kwamba zinapendeza, ule mkusanyiko unaitwa LAION-Aesthetics. Na wewe unajua picha zetu. Saa mbili usiku, taa moja nyeupe imening'inizwa kwenye waya, moshi wa mishkaki umeziba nusu, kiwiko cha mteja kimeingia kwenye fremu. Chakula kitamu, picha mbaya. Inabaki nje.

Na tusiwalaumu wao tu, maana hata pale tunapoweka hadharani tunaandika nini chini ya picha? "Karibuni wateja wangu nipo Kijitonyama, delivari ipo." Afu moto, afu moyo. Hakuna neno hata moja linalosema kilichopo kwenye sahani. Mashine itajifunza kwamba ule mduara wa njano unaitwa Karibuni Wateja.

Wewe ukiwa na kompyuta yenye nguvu kuna mbinu inaitwa DreamBooth, watafiti wa Google waliitoa 2022, unaipa programu picha 3 mpaka 5 za kitu chako inakishika. Jaribu na urojo, afu unitumie, serious kabisa.

Habari yako kaka. Nauza vitumbua na chapati kwa oda, Mbagala. Nataka picha za kuweka stetasi, nikiandika vitumbua inaniletea donati zenye tundu, nikiandika kwa Kiingereza inaniletea mikate ya maji ya Wazungu ina asali na matunda. Niandike lugha gani? (Mama wa vitumbua)

Nzuri mama, pole na donati. Lugha yoyote, ila acha kuandika jina, andika kitu chenyewe. Jina la kitumbua kwa mashine nyingi ni herufi tu, inalikatakata vipande kama ki, tum, bua, kila kipande hakina maana, ikishindwa inashika kilicho karibu, na kitu cha duara kilichokaangwa kilicho karibu kwake ni donati.

Kwa iyo ielezee kama unamwelezea mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuingia jikoni. Andika hivi: "picha ya simu, mchana, vitumbua kumi kwenye sinia la alumini, kila kimoja ni kidogo kinatosha kiganja, duara nene, kimeumuka, juu na chini kahawia, ubavuni mstari mweupe, kimepikwa kwa unga wa mchele na tui la nazi kwenye chuma chenye vishimo, pembeni chupa ya chai na kikombe, meza ina kitambaa cha plastiki cha maua". Umeona, nimeweka sinia, nimeweka chupa ya chai, nimesema picha ya simu, kwa sababu usiposema itakupeleka studio, sahani nyeusi, meza ya mbao ya gharama, nyuma ukungu. Kuhusu lugha, hizi programu mpya zinaelewa Kiswahili kuliko za 2022, lakini kwa vitu vya jikoni changanya, ikigoma geuza yale maelezo kwa Kiingereza hata kwa programu ya kutafsiri, jina tu ndo libaki kitumbua.

Halafu kuna mtego mmoja. Usiandike "bila tundu". Nyingi kati ya hizi mashine zina udhaifu na neno bila, wewe umesema bila tundu yenyewe imesikia tundu, inakuletea tundu. Ni kama mtoto ukimwambia usiguse sukari. Sema "kimejaa katikati" basi. Na maneno ya muhimu yaweke mwanzoni, zile Stable Diffusion za mwanzo zilikuwa na kikomo cha vipande 77 vya maneno, na Kiswahili kinavyokatwakatwa hizo 77 zinaisha haraka, ukiandika salamu na utangulizi kitumbua hakifikiwi.

Lakini mama mi nikushauri kingine, sijui kama utakipenda. Hizi programu za sasa unaweza kuzipa picha yako mwenyewe ukaiambia safisha tu nyuma, ondoa ile ndoo na waya, ongeza mwanga, vitumbua usiviguse. Hiyo ndo matumizi ninayoyaona ya maana kwa mfanyabiashara. Angalia tu isije ikavinyoosha vyote vikawa sawasawa kama vimetoka kiwandani. Mteja wako wa vitumbua anajua kwamba kwenye kumi kuna kimoja kimepinda na kuna kimoja kimeungua kidogo ubavuni, na kuna watu wanakitafuta hicho hicho.

Anko, mi ni mwalimu wa msingi Temeke. Nilitaka mchoro wa mama ntilie wa mjini kwa ajili ya watoto darasani. Nimeomba mara sita, mara zote nimeletewa kibanda cha nyasi, chungu cha udongo, na mama kavaa shanga. Nimeandika kabisa Dar es Salaam. Shida nini?

Mwalimu, shikamoo kwanza, maana mwalimu ni mwalimu.

Shida ni kwamba neno Afrika ndani ya hizo mashine lina nguvu kuliko neno Dar es Salaam. Ukitaja chakula, mwanamke na mji wa Afrika, inakimbilia zile picha za kitalii na za kuombea misaada ilizolishwa kwa wingi, nyasi, udongo, vumbi jekundu. Mwaka 2024 kuna watafiti walitoa kazi inaitwa World Wide Dishes, wamekusanya vyakula 765 na majina yake kwa lugha 131, vimechangiwa na watu wenyewe wanaovila, afu wakaijaribu mifumo ya AI. Wakakuta hata vyakula vya Marekani vinakosewa, ila vya nchi za Afrika walizozipima vinakosewa zaidi, na kwamba picha zinapotosha na zinawafanya watu wote wawe wa aina moja.

Mi mwenyewe yamenikuta. Kuna mkahawa mmoja, jina naliacha, waliniomba flaya ya supu ya pweza, nikaona niwahi, nikaiachia AI. Ikaleta pweza mzima, mbichi, jicho limefunguka linakuangalia, amelala kwenye ubao wa mbao na limao. Nilivyo na haraka sikuhesabu. Mwenye mkahawa ndo alihesabu mbele yangu, mikono 11. Hela sikulipwa na sikudai. Pweza wa Mwananyamala sote tunamjua, kachemshwa kawa zambarau, mkono unakatwa vipande kama sarafu pale pale mezani, unachoma kijiti, unachovya kwenye pilipili, supu kwenye kikombe, watu wamesimama wanaongea mpira. Hakuna jicho pale!

Kwa mama ntilie wako fanya kama nilivyomwambia mama wa vitumbua, jenga kitu kwa kitu. Usiandike Afrika kabisa. Andika benchi la mbao, meza ya plastiki, hotpoti kubwa tatu, sufuria limefunikwa na sinia, ndoo ya maji yenye koki kwa ajili ya kunawa, mwavuli mkubwa wa matangazo umepauka, mama kavaa dera na aproni, fundi kavaa ovaroli anakula wali maharage, nyuma bodaboda zimepaki na ghorofa linajengwa. Mwiko na shanga vitaondoka vyenyewe kwa kukosa nafasi. Hapana, mwiko tuuache.

Na watoto waambie jina lilipotoka, maana wengi siku hizi wanasema mama lishe tu: wateja walikuwa wananyoosha sahani wanasema mama nitilie, basi likaganda. Kama kuna mtoto anayejua kuchora darasani kwako, mpe penseli kabla hujanunua bando.

Nyie vijana mnahangaika na mashine. Zamani fundi alikuwa anakaa na kopo la rangi, anakuuliza unauza nini, anachora. Hakukuwa na uongo. (Mzee, Magomeni Mapipa)

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na kopo la rangi, hapo kwenye uongo naomba nitubu. Mwaka sikumbuki vizuri, kibanda kilikuwa karibu na kituo cha basi, jamaa alikuwa anauza vipapatio na shingo, basi, kuku mwingine hana. Akaniambia chora kuku. Nikamchora kuku mzima amenona, mapaja juu, mvuke unatoka, na soda baridi pembeni ambayo jamaa hakuwa nayo, hata friji hakuwa nalo. Nikaandika CHIPS KUKU na herufi ya S nikaigeuza kichwa chini kwa uchovu. Likakaa pale miaka. Tofauti yangu na mashine mzee ni kwamba mi nilijua nadanganya.

Niliagiza urojo kwa mtu anauza mtandaoni. Picha ilikuwa balaa, bakuli zito la njano, kachori, bajia, mishkaki miwili, yai. Kilicholetwa maji ya njano na viazi vitatu. Nimeambiwa picha ilikuwa ya AI. Nafanyaje? (Mdada, Tabata)

Pole dada. Kwanza mwambie muuzaji mwenyewe, kwa heshima, na utume picha ya ulicholetewa, wengi wanarudisha hela wakiona ushahidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha wateja kwenye biashara na kuna Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia, na sheria haijali picha kaitengeneza kompyuta au kaka yake. Ila kwa bakuli moja la urojo mi ningemalizana naye kwenye simu.

Siku nyingine kabla hujalipa ikuze picha. Angalia kijiti cha mishkaki, kwa AI mara nyingi kinaingia kwenye nyama ya kwanza kinatokea mahali ambapo sipo kilipoelekea. Angalia chutne ya nazi, urojo wa kweli una kile kitone cheupe cha nazi kimetupiwa juu kinaanza kuzama, na vile vipande vyembamba vya muhogo vinavyoliwa kabla havijalainika, mashine haivijui, inaweka ngogwe sijui, inaweka giligilani yake. Na urojo wa mashine unang'aa kama kari ya Kitailandi, wa kweli wenye uchachu wa ukwaju na embe hauna mng'ao ule. Ukiona bado una wasiwasi mwombe muuzaji akutumie video fupi anakoroga chungu, sekunde tano tu. Mwenye urojo atakutumia hata akiwa na pilipili mkononi.

Anko we zege unakulaje? (Wa Kinondoni)

Mayai mawili, zege likauke kingo, kachumbari nyingi, kijiti cha meno sio uma, na pilipili ile ya kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko kwa msumari. Jana usiku niliiomba mashine inichoree hiyo chupa. Ikaniletea chupa ya kioo yenye lebo ya dhahabu, nikaandika tena, chupa ya plastiki ya maji, kifuniko kina tundu moja la msumari, ndani pilipili nyekundu, imepungua nusu, nje ina mafuta ya vidole. Ilipofika mara ya nne ikapatia kila kitu ila tundu, limewekwa chini ya chupa.